Digrii Inapanda Ndege, Leseni Haipandi

Tangu tuongee kuhusu kusomea udaktari wa meno nje, mnaniuliza: chuo gani kina ada nafuu? Mimi naanza na swali jingine: unataka kutibu watu nchi gani?

Shangazi yangu alitibu meno Dar miaka 10. Alipokuja Uingereza ilibidi kwanza afaulu ORE, mtihani wa sehemu mbili, huku usiku akifanya usafi maofisini. Marekani ndo kabisa: kwa kawaida unarudi chuoni miaka 2 au 3, na mtihani wa INBDE juu yake.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada popote, liulize baraza la madaktari wa meno la nchi unayotaka kufanyia kazi: digrii hii mnaitambua? Wakujibu kwa maandishi. Hapo ndo umwambie mama aanze kukuita daktari.