Picha ya mshipa mkuu si anasa ya matajiri

Kuna maneno yanayosikika katika ofisi na hata kwenye kambi za wahami wa vita hapa mashariki mwa Congo: skanere ni mambo ya Ulaya, mhami anahitaji unga na shitingi. Maneno hayo yanaua watu.

Mshipa mkuu wa damu, aorta, unatoka kwenye moyo na kushuka hadi tumboni, na pale upana wake wa kawaida ni karibu sentimita 2. Kwa watu wengine, zaidi wanaume wazee waliovuta sigara ao wenye tansio, ukuta wake unalegea na kuvimba kama puto. Ukifika sentimita 3, ni ugonjwa. Ukifika 5,5 kwa mwanaume, madaktari wanafikiria kupasua, kwani ukipasuka wenyewe, wengi hufa kabla ya kufika hospitali. Mara nyingi uvimbe huo hauumi. Mzee anaanguka ghafla, jamaa wanasema amewekewa sumu, na jirani anashitakiwa bure.

Ekografi, mashine ileile inayotazama mimba, inaupima mshipa huo kwa dakika chache, bila sindano. Uingereza inawaita wanaume wanaofikisha miaka 65 wapimwe hivyo. Basi hospitali yenye ekografi haina sababu ya kumrudisha nyumbani na dawa ya minyoo mzee mwenye uvimbe unaodunda tumboni.

Lakini kwa kupanga upasuaji, ekografi haitoshi. Skanere, pamoja na dawa inayoingizwa kwenye damu, inaonyesha uvimbe unaanzia wapi na uko mbali kiasi gani na mishipa ya figo. Kupasua bila picha hiyo, wakati muda upo, ni kuingia msituni usiku bila tochi.

Matunzo ya bure kambini mara nyingi yanaishia kwenye malaria, kipindupindu na uzazi. Mhami aliyeacha shamba na ng'ombe atatoa wapi dola za skanere?

Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutoa angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wabunge wanaokuja kuomba kura waulizwe ahadi hiyo iko wapi. Kila jimbo lipate skanere inayofanya kazi, umeme wake, fundi wake, na bei isiyomfukuza maskini mlangoni. Unga unamfikisha mzee kesho; hauzuii mshipa kupasuka.