Ushuhuda wa Mkulima Juu ya Mbegu Usidharauliwe

Katika miinuko ya Buha, kutoka Kitahana wilayani Kibondo hadi Heru Juu wilayani Kasulu, maharage hupandwa mara mbili katika majira ya mvua, kwanza mvua zinapoanza na mara ya pili baina ya Februari na Machi, na kila msimu unapokaribia wakulima huulizana magulioni, makanisani na kwa simu ni mbegu ipi iliyowafaa wenzao na ipi iliyowatia hasara. Majibu wanayopeana, ambayo hutolewa bila malipo na watu wasiosomea kilimo chuoni bali wameipanda mbegu yenyewe, wakaivuna, wakaipika na kuiuza, ndiyo yanayoitwa katika makala haya ushuhuda wa watumiaji. Wapo wenye elimu wanaouona ushuhuda huo kuwa ni porojo za vijiweni, na dharau hiyo haina msingi, kwa kuwa jambo hili limekwisha kupimwa, tena kwa majirani wa karibu wa Waha, wenyeji wa Buha.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Rwanda, ISAR, ikishirikiana na kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi za joto, CIAT, iliwaalika wakulima, wengi wao wanawake ambao majirani zao wenyewe waliwatambua kuwa wajuzi wa maharage, waingie katika mashamba ya majaribio na kuchagua aina za mbegu ambazo watafiti walikuwa bado wanazichuja. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1993 na Louise Sperling pamoja na wenzake, yalionyesha kwamba aina walizochagua wakulima hao, zilipopandwa vijijini, mara nyingi zilishinda mchanganyiko wa mbegu za kienyeji, na wastani wa ongezeko la mavuno ulifika hadi asilimia 38. Sababu yake inaeleweka: mtafiti hupima zaidi kilo kwa hekta katika shamba lililotunzwa vizuri, ilhali mkulima hutazama pia kama mmea utastahimili kivuli cha migomba, udongo uliochoka na mvua ya mfululizo.

Jikoni ndiko ushuhuda huu unakopata nguvu zaidi. Mwanamke anayepika kila siku anajua ni maharage yapi yanayomaliza kuni kabla hayajaiva, yapi yanatoa mchuzi mzito, yapi yanaharibika yakilala hadi asubuhi, na ni majani ya aina ipi yanayofaa kuchumwa kuwa mboga wakati ghala ni tupu. Ni nadra mambo hayo kuandikwa kwenye mfuko wa mbegu, nayo ndiyo yanayoamua kama mbegu itapandwa tena mwakani. Hata Charles Darwin, alipokuwa akitafuta hoja za kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya viumbe, alijiunga na vyama vya wafugaji wa njiwa jijini London, kwa kuwa aliona kwamba watu hao, waliofuga kwa mapenzi tu, walitambua tofauti ndogo mno ambazo jicho la mgeni lisingeziona.

Hata hivyo, kumheshimu shahidi si kumwachia aseme bila kuhojiwa. Inapasa aulizwe kwanza kama mbegu aliinunua kwa fedha yake au alipewa bure na muuzaji pamoja na mbolea, maana aliyepewa huona haya kusema ubaya wa alichopewa. Kisha aulizwe alipanda katika udongo gani, msimu upi, na kama alisubiri hadi mwisho. Na hapa muhogo unatoa fundisho kubwa, kwa sababu shina lenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia linaweza kuwa na majani ya kuridhisha huku mizizi ikiozea ardhini, hivyo anayesifu muhogo kabla ya kuung'oa hajashuhudia lolote. Vilevile wingi wa sauti usihesabiwe haraka kuwa wingi wa mashahidi: watu ishirini wanaoisifu mbegu kwa kuwa wote walimsikia mtu mmoja akiisifu gulioni ni shahidi mmoja tu.

Yapo pia mambo ambayo mtumiaji hawezi kuyashuhudia hata akiwa mkweli namna gani. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu katika mahindi na karanga, haitambuliki kwa ladha, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ugonjwa wa chule unaweza kujificha ndani ya mbegu ya maharage inayoonekana safi. Katika hayo maabara ndiyo yenye neno, na katika mbegu mnunuzi na akague lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, hata kama jirani anayemwamini amemhakikishia kwamba mbegu ni nzuri.

Upungufu mkubwa kuliko wote wa ushuhuda huu, lakini, ni ukimya wa waliopata hasara. Aliyevuna vizuri husema kwa furaha, na aliyeangushwa na mbegu hunyamaza akiogopa kuitwa mvivu, kwa hiyo kijiji kizima husikia sifa peke yake na watu wengine huingia katika shimo lile lile msimu unaofuata. Kumcheka mkulima wa namna hiyo ni dhuluma, kwa kuwa habari zake zinaweza kuokoa akiba ya nyumba nyingi. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo hukutana kila wiki, na vitenge mkutano mmoja kabla ya kila msimu wa kupanda, walioshindwa wapewe nafasi ya kusema kwanza, na afisa ugani wa kata awepo na daftari, aandike jina la mbegu, mahali ilipopandwa, mvua ilivyonyesha na kilichovunwa, ili msimu ujao mtu asilazimike kutegemea kumbukumbu ya aliyesikia kwa mwingine.