Dhahabu Haijazi Ndege

Mgodi wa Dhahabu wa Geita, GGM, huzalisha takriban wakia laki tano kwa mwaka. Ukizigeuza kilo unapata kama tani 15 na nusu. Ndege ya mizigo ya Shirika la Ndege la Tanzania (ATCL), Boeing 767 iliyopokelewa Juni 2023, hubeba tani 54 kwa safari moja. Jasho la mwaka mzima la mgodi mkubwa namna ile halifikishi theluthi ya shehena yake. Tena, tangu Oktoba 2024 wachimbaji wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu kwa ajili ya kusafishwa nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu, kwa hiyo hata hizo tani chache hazitapanda ndege zote.

Natanguliza hesabu hii kwa sababu mjadala wa viwanja vya ndege Kanda ya Ziwa huanzia kwenye dhahabu: vipi eneo tajiri hivi likose ndege ya moja kwa moja ya Dubai? Swali ni la haki, lakini shirika la ndege haliangalii thamani ya kilicho ardhini. Linauza viti na kilo, kwenda na kurudi, wiki hadi wiki. Migodi yenyewe iliyaelewa haya mapema. Mwadui, GGM na Bulyanhulu kila mmoja una kiwanja chake; ndege ndogo zinashusha wataalamu ndani ya uzio na kuondoka, na mji wa jirani unasikia mngurumo tu.

Chato ilijaribu njia nyingine. Uwanja wake una barabara ya kurukia ya kilomita 3, na ATCL ilianza safari huko Januari 2021. Sikubaliani na wanaosema urefu ule ni anasa. Ukanda huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la mchana likiwaka injini hupungukiwa nguvu, kwa hiyo ndege kubwa inahitaji ama lami ndefu ama mzigo mdogo. Watu wa Biharamulo, Ngara na Kibondo nao ni Watanzania wenye haki ya kuruka. Ila ndege ya masafa marefu inataka zaidi ya lami: mafuta (ambayo huku huletwa kutoka pwani kwa gharama), forodha na uhamiaji wa saa zote, zimamoto wa daraja lake, na juu ya yote abiria. Dreamliner ya ATCL ina viti 262. Bombardier Q400 ina 76. Kujaza hiyo ndogo kila siku kutoka Chato ni kazi, sembuse kubwa.

Halafu limekuja daraja. Tangu Juni 19, 2025, Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 limeondoa foleni ya kivuko, na msafiri wa Geita mjini sasa anaweza kupanga muda wake wa kufika Mwanza bila kukisia. Umbali wa kwenda Mwanza na wa kwenda Chato haupishani sana; ataelekea kwenye ndege nyingi. Shinyanga nayo, ambako uwanja wa Ibadakuli umo katika mradi wa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya pamoja na Tabora, Kigoma na Sumbawanga, iko kama kilomita 160 tu kutoka Mwanza. Msimamo wangu ni kwamba kanda ina nafasi ya mlango mmoja wa masafa marefu, na mlango huo ni Mwanza. Viwanja vingine viulishe.

Wa kuulisha wapo. Mtazame mfanyabiashara wa nguo wa Kahama anayekwenda Guangzhou: begi dogo la nguo zake amelitia ndani ya begi kubwa tupu, la kurudia na sampuli. Anapanda basi mpaka Mwanza, anaruka mpaka Dar es Salaam, anasubiri huko saa kadhaa, ndipo safari yenyewe inaanza. Wenzake wa Katoro hali ni hiyo hiyo. Zipo pia familia zenye ndugu Shinyanga, Tabora na Maskati, wanaotembeleana kwa misiba na harusi, na wote lazima wazunguke pwani.

Lakini kinachojaza tumbo la ndege ni sangara. Minofu mibichi haina subira. Samaki aliyepakuliwa mwaloni Nkome, akakatwa kiwandani Mwanza, mara nyingi hupakiwa kwenye lori la barafu kwenda kutafuta ndege Nairobi au Entebbe. Kila saa mpakani inamla bei, na jirani ndiye anayelipwa ada ya kutua, ya kuhifadhi na ya kupakia. Samaki ni wetu, viwanda ni vyetu, ila ajira za uwanjani ni za kwao. Hili linaniuma kuliko ukosefu wa Dubai.

Na hapa pana jambo la kusemwa waziwazi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku ATCL katika anga lake, na Juni 2025 marufuku ikayakumba mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Minofu ya kwenda Ulaya haiwezi kungoja ndege yetu. Itabebwa na mgeni, hapa au kwa jirani. Wapo wanaohofu kwamba kumfungulia mgeni Mwanza ni kuinyang'anya ATCL chakula. Lakini KLM kwa miaka mingi imeshusha watu Kilimanjaro kisha ikaendelea Dar es Salaam, na utalii wa Kaskazini umenufaika. Ndege inayogawana shehena ya miji miwili haihitaji Mwanza iijaze peke yake. ATCL ingebaki na kazi ambayo mgeni haiwezi: kuwakusanya watu wa Chato, Kahama na Shinyanga.

Kazi hiyo ni ya ratiba. Bombardier itoke Chato jioni, ifike Mwanza saa mbili kabla ya ndege ya nje kuondoka, na begi lipelekwe moja kwa moja bila abiria kulikokota. ATCL na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege wanaweza kulipanga hilo kwa lami iliyopo leo, wakati Mamlaka ya Usafiri wa Anga inaandika mwaliko kwa mashirika ya nje yenye ndege za mizigo.