KADI YETU NA KADI YAO



Nimesikia maneno katika mabaraza yetu, tena si mara moja, nami yamenishinda kuyanyamazia. Baadhi yetu wasema kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imekuja kuchanganya fedha za watumishi na fedha za wakulima na wafugaji. Wasema, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya umejengwa kwa jasho la makarani, walimu na wauguzi. Basi watu wa Terrat wangeachiwa kadi yao ya zamani, nasi tukabaki na yetu. Naomba nafasi katika gazeti letu niyapinge maneno haya.

Kwanza na tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kutozwa mchango katika hospitali za Serikali, na aliyekosa fedha aliona dunia. Mwaka 1996 Igunga wakajaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, kaya itoe mara moja kwa mwaka na itibiwe mwaka mzima. Sisi watumishi tulitungiwa sheria yetu mwaka 1999, na kazi ikaanza 2001: senti 3 za kila shilingi ya mshahara zakatwa kwetu, na mwajiri aongeza 3 nyingine. Mwaka 2018 mfuko wa jamii ukaboreshwa. Kaya ya watu sita ikatoa Shs. 30,000 kwa mwaka, na kadi ikafaa tangu zahanati hata hospitali ya rufaa ya mkoa.

Hapo ndipo penye jambo. Kadi ya mkulima wa Terrat ilikoma Mount Meru. Kadi ya karani wa Terrat yavuka mpaka KCMC Moshi. Lakini ugonjwa haukomi mpakani mwa mkoa, wala haumwulizi mtu kazi yake.

Alinijia ofisini mzee mmoja jirani yangu, mfugaji. Kijana wake aliumia vibaya, akapewa barua ya kwenda hospitali ya mbele, na kadi ya kaya haikumfuata huko. Ilikuwa kiangazi, ng'ombe wamekonda na bei imeshuka mnadani. Aliuza mitamba miwili kwa thamani ya mmoja, wala haikutosha. Je, ni nani aliyejaza pengo? Sisi wa ofisini, kila mtu alichotoa mfukoni. Wala mzee yule si mgeni kwangu. Ni mjomba wa mke wangu.

Basi nawauliza wenzangu mnaolinda mfuko: mmepata kuhesabu? Kadi yetu yachukua mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wanne, jumla watu sita. Ndugu zetu, shangazi zetu na watoto wao wako nje. Mmoja wao akiugua, simu yampigia nani? Yampigia mwenye mshahara. Twachanga katika karatasi ya mshahara, kisha twachanga tena usiku kitandani mwa mgonjwa, na mchango huu wa pili hauna kima, hauna stakabadhi, wala hauna mwisho. Anayesema bima ya wote itamla mtumishi hajui kwamba kukosekana kwake kumemla mtumishi miaka hii yote.

Wajibu wao ni huu: watu wataingia wakiwa wagonjwa tu, na mfuko utafilisika. Neno hili si la kudharauliwa. Tuliliona katika Toto Afya Kadi, mzazi alipolipa Shs. 50,400 kwa mwaka, na wengi wakamwandikisha mtoto aliyekwisha kuugua na kumwacha mzima nyumbani. Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, watoto wakaelekezwa kupitia shule zao. Lakini fundisho lake ni lipi? Mfuko ule haukuumizwa na wingi wa watu. Uliumizwa na uchache wa wazima. Dawa yake ni kuingia wote, mzima na mgonjwa, kabla ya siku ya haja. Hivyo ndivyo tulivyoingia sisi, kwani hakuna karani aliyeulizwa kama ana homa kabla ya kukatwa senti zake 3.

Tena na tuone haya mbele ya waliotutangulia. Mwaka 1922 watumishi wa Kiafrika waliunda chama chao Tanga, Martin Kayamba akiwa mwanzilishi. Zama zile matibabu yaligawanywa kwa rangi, Mzungu na hospitali yake na Mwafrika na yake. Leo rangi imeondoka. Je, sisi tuweke kadi mahali pake?

Hata hivyo sitawasifu wakubwa bila kuwaambia kweli. Wakati wa muswada kilitajwa kima cha Shs. 340,000 kwa kaya ya watu sita. Aliyezoea 30,000 akidaiwa hata nusu ya hiyo, atakuwa amepandishiwa zaidi ya mara tano. Mfugaji hana mwisho wa mwezi. Ana masika na kiangazi, ana mavuno na mnada. Basi alipe kwa mafungu, na mafungu yafuate majira yake. Tena kadi ya zamani ya mtu isizimwe hata siku moja kabla ile mpya haijawa mkononi mwake na kukubaliwa dirishani. Na dawa ziwepo, kwani kadi bila dawa ni karatasi.

Neno la mwisho latuhusu sisi wenyewe. Sheria imeweka mfuko wa kuwalipia wasiojiweza. Lakini asiyejiweza hajulikani Dodoma. Ajulikana mtaani, na jina lake hupita katika kalamu ya karani. Tukiandika jina la jamaa yetu mwenye duka na kumsahau mjane asiye na mbuzi, tutakuwa tumeiua sheria hii mezani petu, na baadaye tutailaumu Serikali. Nawasihi, orodha isomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa mtaa, majirani wasikie, anayepinga apinge.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini karani wa Terrat hana udhuru huo, kwani mwenye njaa ni mjomba wake.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
KARANI WA TERRAT