Ombudi si Ombi



Neno "ombud" limetuingilia majumbani kwa barua za mabenki na mashirika ya bima hapa Johannesburg. Vijana hulitamka "ombudi", na wazee wakilisikia hudhani latokana na kuomba. Basi mjane aliyenyimwa fidia ya bima husema, "Mimi siendi kuomba," akanyamaza, na haki ikapotea. Kwa hiyo yafaa tuijue nasaba ya neno hili.

Asili yake ni Sweden. Huko "ombud" ni mtu aliyepewa mamlaka ya kusimama badala ya mwingine, na "man" ni mtu. Mwaka 1713 Mfalme Karl XII, akiwa mbali katika dola ya Waturuki, aliweka ombudsman wa kuwaangalia maofisa wake nyumbani. Katiba ya 1809 ikalipa Bunge ombudsman wake.

Wingi wa Kiswidi ni "ombudsmän", irabu hugeuka ndani ya neno, kama Kiarabu kinavyofanya: wakiil, wukalaa. Sisi huongeza mbele: wakili, mawakili. Afrika Kusini wameukata mkia wa "man", lisielekee wanaume peke yao, wakasema "ombud" na "ombuds". Watoto wetu nao husema "maombuds", wingi juu ya wingi! Tuseme ombudi amesikiliza, maombudi wamesikiliza.

Wako wanaotaka tuseme "wakili". Maana ya asili ndiyo hiyo, lakini mimi sikubali. Wakili tumjuaye leo hulipwa, naye huwa upande wa amlipaye. Ombudi hamtozi mlalamikaji, na husikiliza pande zote mbili. Tanzania ilipoanzisha ofisi ya namna hii mwaka 1966, ya kwanza Afrika, haikuiita ya mawakili. Iliiita Tume ya Kudumu ya Uchunguzi.

Basi neno na libaki, ila lifundishwe. Aendaye kwa ombudi ni mdai, si mwombaji. Kwanza hulalamika kwa maandishi kwa shirika lenyewe, akaweka nakala. Asiporidhika, huipeleka nakala hiyo kwa ombudi. Vijana mnaoandika Kiingereza vizuri, waandikieni wazee wenu barua hizo, na mwasomee kwa Kiswahili kabla hawajatia sahihi.