Kiswahili Kinasema, Kiingereza Kinaandika

Mwaka 1974, Mzee Jomo Kenyatta alipoamuru Kiswahili kitumiwe Bungeni, wabunge walijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 ilitarajiwa kuukomesha mgawanyo huo. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo, kifungu cha 259 kinaeleza kwamba nakala za Katiba za lugha tofauti zikikinzana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa.

Athari zake humfikia mwananchi nyumbani. Mkulima huweza kueleza mgogoro wa shamba mbele ya chifu kwa Kiswahili, kisha akaletewa ilani ya Kiingereza. Humwita mwanawe aliye shuleni amsomee. Mtoto huyo asiyejua lugha ya sheria huwa ndiye wakili wa nyumba, na baba hutia kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Nikiwa mwanaisimu, siafikiani nao. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa, hazikomai zikingojea kamusini. Jirani zetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Kufasiri sheria zote ni kazi ya miaka mingi, nakubali. Basi na tuanze na hati ya mashtaka, ilani ya kuhamishwa na mkataba wa shamba. Hizo haziwezi kungoja.