Mteja Akikuomba Umwandikie Bei ya Uongo Ili Mkewe Asijue, Kataa



Leo nina neno na sisi tunaouza mtandaoni vitu vya mtumba vya bei kubwa: simu, kamera, spika, na kwa upande wangu magitaa. Kuna mchezo umezoeleka. Mteja anatuma meseji: "Kaka, hilo gitaa la umeme nimelipenda. Ila kwenye risiti niandikie laki mbili, mama watoto akijua ni laki nne na nusu nyumba itawaka moto." Muuzaji anacheka, anaandika, hela imeingia.

Mimi siandiki. Na wewe nakushauri usiandike, hata kama mwezi umekaa vibaya.

Weka pembeni kwanza kwamba risiti yenye bei ya uongo ni kosa kisheria. Tuongee biashara tu.

Gitaa la umeme sio kama gitaa kavu, kwamba ukilinunua umemaliza. Halina tumbo la kukuza sauti. Chini ya nyuzi zake za chuma kuna sumaku zenye koili, hizo ndizo zinadaka mtikisiko wa nyuzi, halafu waya unaupeleka kwenye amplifaya. Bila amplifaya utasikia kimlio kama cha mbu. Sasa piga hesabu. Gitaa laki nne na nusu, tuseme amplifaya ndogo ya mtumba laki mbili, waya elfu ishirini. Hapo ni laki sita na elfu sabini, nyuzi za akiba bado.

Huyu aliyemwambia mkewe laki mbili, hiyo amplifaya ataiingiza nyumbani kwa hadithi gani? Ndio hao baada ya siku tatu wanapiga simu: "Kaka, chukua gitaa lako, nirudishie hela." Ukikataa, analiweka sokoni mwenyewe, kwenye magrupu yale yale unayouzia wewe, kwa bei ya kutupa. Amekuharibia bei na jina kwa pamoja.

Linganisha na hawa. Mwezi uliopita walikuja dukani mtu na mkewe. Mume anapiga solo kwenye kwaya, siku zote kwa gitaa la kuazima. Mke hajui kupiga hata wimbo mmoja, lakini hela ilitoka kwenye kibubu chao wote wawili. Mume alikuwa ameshalikumbatia gitaa, hasikii la mtu. Mke ndiye aliyeuliza: "Mwenyewe aliliuza kwa nini? Hii sauti ya kukwaruza ni nini? Likizima wiki ijayo tunakukuta wapi?"

Nikamjibu moja moja. "Shemeji, hiyo ni volumu, ina vumbi ndani, nitaisafisha. Na hizi freti za huku juu zimelika kidogo, ona." Akamgeukia mumewe: "Basi baba, lijaribu taratibu, hatuna haraka." Tukamalizana laki nne na ishirini pamoja na dhamana ya wiki moja kwa maandishi. Dhamana aliidai yeye. Mpaka leo yule mama ameniletea wateja wawili wa hapo hapo kwaya.

Najua kuna watakaosema wenza wanavunja biashara. Kweli wapo. Lakini biashara ikivunjikia dukani umepoteza maneno tu. Ikivunjikia nyumbani kwa mteja, umepoteza nauli ya boda, muda na jina.

Wengine watasema ndoa ya mteja hainihusu. Hapo tuko pamoja kabisa. Sikuambii umpigie mke wa mtu simu. Mteja akiamua kukaa kimya kwake, hiyo ni siri yake. Ila ukimwandikia uongo, huo sasa ni uongo wako, na una mwandiko wako.

Mimi nafanya hivi:

1. Kwenye tangazo naweka bei mbili: gitaa peke yake, na seti nzima yenye amplifaya na waya. Wakae nyumbani wapange wakijua mwisho wa hela.

2. Narekodi video moja bila kukata. Shingo kwa pembeni ionekane kama imenyooka, freti kwa karibu, kisha nachomeka kwenye amplifaya, napiga uzi mmoja mmoja, nazungusha volumu na toni, nabadilisha swichi. Kasoro naisema kwa mdomo wangu. Video hiyo mwenzi wake ataiona hata kama hakuja.

3. Mwenzi akiuliza, namjibu yeye. Ile ya "shemeji subiri, tunaongea wanaume" inafukuza wateja. Na siku hizi wapo akina dada wanaonunua gitaa, mume ndiye msindikizaji. Heshima ni ile ile.

4. Kwenye karatasi naandika bei halisi, kasoro tulizoziona, namba ya gitaa kama ipo, na siku za dhamana.

Mteja anayeungwa mkono nyumbani hudai sana siku ya kwanza, halafu anarudi kununua nyuzi, mkanda na mfuko. Aliyenunua kwa kujificha hata kulipiga anaogopa.

Wewe ukiombwa risiti ya namna hiyo unajibuje? Mimi jibu langu ni moja: "Kaka, bei naweza kukupunguzia. Kuiandika tofauti siwezi."